Kipi mzee, jiwe, mbuyu au Kilimia? Siku sita Dodoma, Kondoa na Singida na mpwa wangu

SIKU YA 1, Jumatatu. Dar mpaka Dodoma

Hii safari kwangu ilianza kama adhabu. Dada yangu kanipigia kasema shule zimefungwa, "mwanao" anashinda na simu anaangalia video za sayari na dinosaria mpaka macho mekundu (mtoto ni wa kwake ila akisumbua anakuwa wangu), mchukue uende naye huko unakoenda. Mimi nilikuwa naenda Dodoma kumsalimia baba mdogo halafu nipandishe Kondoa nikaone ile michoro ya kwenye miamba, naisikia tangu niko shule ya msingi na sijawahi kuiona kwa macho. Basi nikakata tiketi mbili za SGR.

Hatujafika hata Morogoro dogo kaanza, mjomba tucheze kipi mzee. Mchezo wenyewe anataja vitu viwili, wewe unasema kipi kilitangulia kuwepo, ukikosa unanunua ubuyu. Sawa. "Papa na mti?" Nikasema mti bila kufikiri, mti si ndo mambo ya mwanzo mwanzo bana. Nimekosa. Papa wapo baharini zaidi ya miaka milioni 400, miti ya kueleweka yenye shina na matawi imekuja kama milioni 385 iliyopita, yaani papa walikuwa wanaogelea wakati nchi kavu haina hata kivuli cha kukaa. Akaleta ile ya Cleopatra na piramidi nikamwambia aache, hiyo kila mtu anayo. Kufika Dodoma nadaiwa ubuyu pakiti nne.

Kwa baba mdogo tumekuta jirani yake, mzee wa Kigogo, kakaa kibarazani. Kamwambia dogo "Mbukwenyi!" dogo kajibu "Marahaba" 😂 mzee kacheka mpaka fimbo imemdondoka. Ila ndo ikawa bahati yetu maana kamkalisha chini kamfundisha kujibu halafu kampa na historia ya jina la mji, kwamba tembo alishuka mtoni kunywa maji akanasa kwenye tope akawa anadidimia, watu wakasema idodomya, imezama, na jina likabaki. Zipo na simulizi nyingine lakini hii ndo mzee anaisimamia na mimi sina sababu ya kubishana na mtu wa umri ule.

Jioni tukapanda kwenye vile vilima vya mawe. Kama umefika Dodoma unayajua, jiwe kubwa kama nyumba limekaa juu ya jiwe lingine kama mtu kalipanga, na kila mgeni anauliza nani kayapandisha. Dogo alikuwa na jibu la video, majitu ya kale sijui viumbe wa sayari nyingine. Jibu lenyewe kwa maoni yangu ni tamu zaidi. Hakuna aliyepandisha kitu, ni ardhi ndo imeshuka. Hii graniti iliganda ikiwa chini kabisa ardhini, ikapata nyufa zimepishana kama mistari ya daftari la hesabu, maji yakawa yanapenya kwenye nyufa yanaozesha jiwe polepole. Sasa chukua kipande cha sabuni ya mche ukiache kwenye beseni lenye maji, utaona pembe ndo zinaisha kwanza maana zinaliwa pande mbili tatu kwa wakati mmoja, mwisho kinabaki kidonge. Ndo hivyo hivyo. Mawe yalikuwa yameshakuwa duara yakiwa bado yamezikwa, halafu mvua za miaka na miaka zikasomba udongo wote uliokuwa katikati, yakabaki yamekaliana.

Halafu nikalipiza. Kipi mzee, hili jiwe ulilokalia au hewa unayovuta? Kajibu hewa, kwa kujiamini kabisa. Miamba ya hapa katikati ya nchi, hii inayoitwa Kratoni ya Tanzania, ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Oksijeni ilianza kujaa kwenye anga la dunia kama bilioni 2.4 iliyopita. Jiwe linaganda hapa duniani hakukuwa na hewa ya kuvuta, ungesimama dakika chache umeanguka. Dogo alinyamaza akawa analipapasa lile jiwe. Deni langu likashuka pakiti tatu.

SIKU YA 2, Jumanne. Kuelekea Kondoa, na pancha

Basi la saa mbili limeondoka saa tatu na nusu, hilo tuliache. Lami nzuri. Tumepita Mayamaya, mbele kidogo tairi la nyuma paaa! Tukashushwa wote, konda anasema dakika kumi, kila abiria anajua hizo ni dakika kumi za konda.

Lakini tumeshushwa karibu na mbuyu, tena sio mbuyu wa kubahatisha, mimi na dogo na konda na kijana mmoja wa kuuza maji tumeunganisha mikono na bado hatujauzunguka. Ikabidi tuukague vizuri maana kazi nyingine hatuna.

Mbuyu ni mti unaowasumbua wanasayansi kwa sababu haueleweki umri. Mti wa kawaida unakata unahesabu pete za ndani. Mbuyu pete zake haziaminiki, na ukishakuwa mkubwa katikati unakuwa tupu, pale ambapo ungetegemea kukuta mbao za zamani zaidi unakuta popo. Kwahiyo wanachukua vipande vidogo wanapima kaboni, na hapo ndo waliposhangaa. Mmoja wa Zimbabwe ulioitwa Panke ulikutwa na miaka kama 2,450, ukaja kufa juzi juzi hapa miaka ya 2010. Na haukufa peke yake, utafiti uliotoka 2018 ulionyesha mibuyu mingi mikubwa na ya zamani zaidi ya kusini mwa Afrika imekufa au imeanguka sehemu kubwa ndani ya miaka kumi na kitu tu, na wanaohisiwa ni mabadiliko ya tabianchi ila uthibitisho wa moja kwa moja haujapatikana. Mti umevumilia ukame wa karne ishirini halafu uje ufe kipindi chetu sisi, hapana, hii kitu inaniuma mpaka leo.

Dogo akauliza umefikaje hapa, nani kaupanda. Swali zuri kuliko alivyojua. Duniani kuna aina nane za mibuyu, sita zipo Madagascar tu, moja Australia, na moja ndo hii yetu ya bara la Afrika. Utafiti wa jeni wa 2024 unasema asili yao wote ni Madagascar, wengine wakavuka bahari. Kuvuka bahari! Mbegu ndani ya gamba lake gumu inaelea inasukumwa na mkondo mpaka pwani ya watu wengine.

Na maua yake yanafunguka jioni jua likizama, yananing'inia chini yanatoa harufu ambayo mimi naona kama nyama imelala, kwa sababu mgeni anayesubiriwa ni popo wa matunda anayekuja usiku kuchavusha. Kesho yake ua limeshadondoka. Kwahiyo ule ubuyu mwekundu wa kwenye pakiti unaoramba, mshukuru popo.

Konda alikuwa anasikiliza. Kasema "kumbe ndo maana bibi yangu alikuwa anatukataza kukaa chini yake usiku, si mashetani, ni popo." Dogo kamwambia inawezekana vyote viwili. Tumeondoka baada ya saa nzima na dakika arobaini.

Kondoa tumefika giza linaingia. Gesti, wali maharage, kulala.

SIKU YA 3, Jumatano. Kolo

Leo ndo siku yenyewe. Kolo iko mbele ya Kondoa mjini ukiwa unaelekea Babati. Unaripoti kwanza kwenye ofisi ya mambo ya kale, unalipia, unapewa mwongozaji, kuna na kimakumbusho kidogo. Sisi tumechukua boda mbili mpaka chini ya mlima halafu miguu. Mpando ni mkali, nilipumzika mara tatu nikisingizia kupiga picha.

Unafika juu kuna mwamba umechomoza kama baraza, na ukutani hapo ndo wapo. Watu wembamba warefu kama vijiti, wana vichwa vya ajabu ajabu sijui ni nywele sijui ni kofia sijui vinyago, twiga, tembo, pofu, vyote kwa rangi nyekundu ya udongo wenye chuma. Sikutegemea kwamba nitaongea kwa sauti ya chini lakini ndo ilivyokuwa, kama umeingia msikitini.

Miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, imetawanyika kwenye eneo la kilomita za mraba 2,336, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Mary Leakey alikuja kukaa huku 1951 miezi kadhaa anainakili kwa mkono mmoja baada ya mwingine. Kuna mchoro ambao mwongozaji anaufikia mwisho makusudi, mwanamke katikati, kulia na kushoto kuna watu wanamshika mikono kama wanamvuta. Leakey aliona ni utekaji. Wengine wanasema hapana, hiyo ni ngoma ya uganga, mtu kapandisha na wenzake wanamshikilia asianguke. Mimi baada ya kuangalia sana nipo upande wa pili. Nimeshaona mtu kapandisha, wanavyomshika ni vile vile.

Dogo swali lake likawa lile lile, ina miaka mingapi? Na hapa ndo penye fumbo. Kaboni inapima vitu vilivyokuwa hai, na rangi hii ni chuma na udongo, haina cha kupima. Unaweza ukaisimamia mbele hatua moja na usijue ni ya juzi au ya kabla ya piramidi. Kinachojulikana ni kwamba nyekundu ni za zamani, nyeupe zilizochorwa juu yake ni za watu wa baadaye, wakulima. Wasandawe, ambao wako huku huku Kondoa na Chemba na lugha yao ina ile milio ya kubofya ulimi, wengi wanawahusisha na wachoraji wa zile nyekundu.

Ila watu kuwepo hapa, hilo lina namba. Kwenye mwamba mmoja wa eneo hili hili unaitwa Kisese II wachimbaji walikuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na 2021 ikatoka kazi ya kulinganisha shanga kama hizo zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika, ikaonekana kuanzia kama miaka 50,000 iliyopita watu wa huku na watu wa kusini walikuwa wanatengeneza shanga za kufanana kabisa, kisha miaka kama 33,000 iliyopita mawasiliano yakakatika. Elfu hamsini. Watu wana fasheni moja kutoka huku mpaka kusini kwa bara bila simu. Mwongozaji kasema sehemu nyingine humu bado wazee wanakuja kufanya matambiko ya mvua, tumeona na dalili zake, tukapita kwa adabu.

Wakati tunashuka mwongozaji akapiga mluzi. Nikadhani anaita mtu, kumbe anaita ndege. Kuna ndege mdogo wa rangi ya vumbi anayeonyesha asali, anakuja anapiga kelele mbele yako, unamfuata, anakupeleka mpaka kwenye mzinga, wewe unachukua asali yeye anabaki na nta. Hapa nataka niseme kitu kimoja kilichonikosesha usingizi. Huyu ndege mama yake anataga kwenye kiota cha ndege wengine na kuondoka, kifaranga kikitoka kinawaua wenzake kwa ndoana ya mdomoni, kinalelewa na wazazi ambao hawajui chochote kuhusu asali. Sasa nani anamfundisha kuongea na binadamu? Na sio kuongea tu, ni lugha ya mahali. Wahadzabe wa huku kwetu wanamwita kwa mluzi, Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji wanamwita kwa sauti ya brrr inayoishia na "hm". Utafiti uliochapishwa 2023 ulipigisha sauti zote mbili pande zote mbili, na kule kwa Wahadzabe ndege walikubali mluzi zaidi ya mara tatu kuliko ule mwito wa Wayao. Ndege ana lafudhi! Leo hajatokea lakini, mwongozaji kasema labda kashiba.

Usiku umeme umekatika mtaa mzima na kwa mara ya kwanza maishani nimefurahi. Tukatoka nje na mablanketi, Juni huku baridi sio mchezo. Mwezi haupo. Kusini Msalaba wa Kusini umesimama, ukigeuka kaskazini chini kabisa unaona zile nyota saba za Dubu Mkubwa zimelala, maana sisi tuko nyuzi kama 5 tu kusini ya ikweta tunaziona mbingu za pande zote mbili, mtu wa London hajawahi kuuona huo msalaba akiwa kwao na mtu wa Cape Town hilo Dubu hulipata kwa vipande. Mashariki Nge kapanda mzima mzima na mkia wake, moyoni ana nyota nyekundu, Antares. Ukiichukua ukaiweka pale lilipo jua letu inaimeza dunia na Mars juu yake.

"Mjomba, Kilimia iko wapi?" Nikamwambia Kilimia, kile kikundi cha nyota, kinatoka alfajiri, tutaamka.

SIKU YA 4, Alhamisi. Alfajiri, halafu kurudi Dodoma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimemtoa kitandani kwa nguvu. Tumeenda mpaka uwanja wazi na ikawepo, chini upande wa mashariki, kile kikundi kidogo kama vumbi la nyota. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mwaka huu kimezama mvua za mwisho zinamalizika na leo tunakiona kiangazi kimekolea, yaani methali imetimia mbele ya macho yetu na mtoto meno yanagongana kwa baridi.

Mwanga ule umesafiri miaka kama 440, uliondoka kule kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus Mombasa 1593. Halafu nikamwekea mtego niliokuwa nimeuandaa tangu treni. Kipi mzee, Kilimia au yule mjusi wa Tendaguru? Mjusi ninayemsema ni yule dinosaria Wajerumani walimchimba Lindi 1909 mpaka 1913 wakampeleka Berlin, yuko kwenye makumbusho mpaka leo kasimama mita 13.27. Dogo kacheka, nyota ndo kubwa mjomba, nyota lazima. Hapana. Mjusi aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Nyota za Kilimia zina kama milioni 100. Yule mjusi angeinua lile shingo lake refu usiku pale Lindi asingekiona Kilimia, kilikuwa hakijazaliwa.

Deni limeisha. Tena nadai mimi.

Basi la kurudi halikupata pancha. Njiani nimemwambia tu kwamba yule yule Mary Leakey wa michoro ndo timu yake ilikuta nyayo za watu wa kale kule Laetoli 1978, za miaka milioni 3.66, na kwa kuwa mwezi unatukimbia sentimita 3.8 kila mwaka (wanapima kwa leza kwenye vioo walivyoacha wanaanga wa Apollo), dogo kapiga hesabu kwenye simu kapata wale watu wa Laetoli mwezi wao ulikuwa karibu zaidi kwa kilomita kama 140. Akasema ni kama kutoka Dodoma kukaribia Kondoa. Halafu akalala.

SIKU YA 5, Ijumaa. Bahi, Kintinku, Singida

Barabara ya Singida watu wengi wanasinzia wakitoka Dodoma, na mimi nilikuwa mmoja wao. Ukipita Bahi ni tambarare, mashamba ya mpunga, ardhi ya chumvichumvi, hakuna kinachokuambia kwamba umeingia Bonde la Ufa. Ukitoka Kintinku kupanda kuelekea Manyoni ndo gari linaanza kunguruma, na kile kilima unachopanda ndo ukuta wenyewe. Geuka nyuma. Mkono huu wa mashariki wa bonde unaanza kule Ethiopia na zaidi, unashuka Kenya, Natron, Manyara, halafu hapa katikati unafifia. Unagonga ile miamba mizee migumu na kupasuka kunakuwa kwa shida, milimita chache tu kwa mwaka, kucha yako inakua kwa kasi zaidi. Ndo maana Dodoma mara moja moja vikombe vinalia kabatini.

Kuna zawadi imefungiwa humo. Miamba ya kale ina urani na thori, hizo zikioza kwa mamilioni ya miaka zinatoa heli, gesi ile ya maputo na ya kupozea mashine za MRI. Inakaa imenaswa, joto la Bonde la Ufa likifika linaifungulia. 2016 ndo ilitangazwa ile ya Rukwa. Na heli ina kisa chake, ilionekana kwanza kwenye jua, kupatwa kwa jua kwa Agosti 1868, mstari wa njano usiojulikana kwenye mwanga, wakaipa jina la jua la Kigiriki, duniani ikaja kupatikana 1895. Katikati ya hapo, 1871, Stanley kapita huku huku Ugogo kumtafuta Livingstone analalamika kila kituo kuhusu hongo, ambayo enzi hizo ilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu, neno limekuja kuharibika baadaye. Labda kakanyaga juu ya gesi ya kwenye jua analilia vitambaa vyake.

Singida jioni. Upepo. Kuku wa kienyeji, sitaeleza, nenda ukale.

SIKU YA 6, Jumamosi. Singida

Asubuhi ziwa Singidani. Flamingo wapo wachache kwa mbali, na dogo alikuwa anajua kwamba wanazaliwa wa kijivu, upinki unatoka kwenye chakula. Picha, basi.

Stendi tukamkuta mama na magunia ya alizeti na vichwa vichache vikavu bado vina mbegu. Nikamwonyesha dogo, mbegu zimepangwa mistari inayozunguka, mingine kulia mingine kushoto. Hesabu. Mara nyingi utapata 34 upande mmoja na 55 wa pili, au 55 na 89, namba ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia, kwa sababu kila mbegu mpya inaota ikiwa imegeuka nyuzi kama 137.5 kutoka kwa iliyotangulia, na kwa mpango huo hakuna nafasi inayopotea. Hakuamini. Akaomba kalamu kwa konda akaanza kuweka alama.

Upande wa kwanza 34, kapiga kelele stendi nzima imegeuka. Upande wa pili akapata 53. Akarudia, 56. Mama akamwambia "mwanangu, hicho kichwa mimi nakiuza, utamaliza lini?" Nikakinunua. Konda anaita Dodoma Dodoma, tumepanda, mbegu zinadondoka kwenye siti, jirani kaanza kuziokota anazitafuna, dogo anamwambia shikamoo mama, naomba hizo usile kwanza, bado niko arobaini na mbili.